Mwandamanaji, mhuni au gaidi? Hesabu maneno kabla hujaamini habari

Tuanze na zoezi dogo. Tuseme jana jioni kijana amepigwa risasi akafa karibu na steji ya mtaa wako: Kayole, Dandora, Huruma, Umoja, popote pale Eastlands. Leo asubuhi unawasha data na vichwa vitatu vya habari vinakusubiri. Vyote vitatu tumevitunga sisi, ni vya mfano tu:

“Polisi wamuua kijana Kayole”

“Kijana auawa Kayole”

“Mshukiwa afariki katika vurugu Kayole”

Tukio ni lile lile na marehemu ni yule yule. Sasa soma tena polepole. Kwenye kichwa cha kwanza yupo aliyeua na yupo aliyeuawa. Kwenye cha pili, aliyeua ametoweka. Imebaki sauti moja ndogo, ile -w- ya “auawa”, kukukumbusha kwamba kuna mtu alifanya kitendo. Kwenye cha tatu hata hiyo -w- haipo. Kijana amegeuka mshukiwa, na kilichomtoa uhai ni “vurugu”, kana kwamba vurugu ni mvua iliyonyesha tu ghafla.

Mama ya huyo kijana akisoma kichwa cha tatu atahisi mwanawe amehukumiwa akiwa mochari. Akienda kulalamika, ataambiwa, “Mama, hakuna uongo hapo. Si kulikuwa na vurugu? Si alikuwa anashukiwa?” Na kweli, ukichukua neno moja moja, uongo hutaupata.

Ndiyo maana kubishana kuhusu upendeleo wa vyombo vya habari huwa hakufiki popote. Wewe unasema gazeti fulani linatuchukia watu wa mtaa, beshte yako anasema una chuki zako, mnanyamaza, mnarudi kwa TikTok. Lakini upendeleo wa kisiasa mara nyingi hukaa kwenye maneno yaliyochaguliwa na kurudiwa, siku baada ya siku, hadi sikio linazoea. Na kitu kinachorudiwa kinaweza kuhesabiwa. Kuna tawi zima la taaluma ya lugha linalofanya kazi hiyo, na vifaa vyake ni vya bure. Unaweza kuanza wikendi hii.

Kopasi ni nini?

Wanaisimu huita mkusanyo wa maandishi halisi, uliopangwa ili kompyuta iweze kuupekua, kopasi. Wengine huuita kongoo. Inaweza kuwa habari 50 ulizokusanya mwenyewe, au maktaba nzima. Kopasi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Ufini, katika toleo lake la pili ina maneno milioni 25, mengi yakiwa ya magazeti na vitabu. Hapa kwetu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Maseno, Chuo Kikuu cha Nairobi na Africa Nazarene walikusanya Kencorpus, yenye maandishi na sauti za Kiswahili, Dholuo na Kiluhya. Upande wa maandishi una maneno milioni 5.6.

Ukishapata mkusanyo wako, unauliza maswali ya kawaida tu. Neno hili limetokea mara ngapi? Limekaa na maneno gani kulia na kushoto? Na je, linatokea sana upande huu kuliko upande ule?

Swali la pili ndilo tamu. Mwanaisimu Mwingereza J.R. Firth alishikilia, katika andiko la mwaka 1957, kwamba utalijua neno kwa kuangalia yale linaotembea nayo. Wazazi wetu wangemwelewa haraka sana, kwa sababu ndivyo wanavyokuonya kuhusu mbogi unayoketi nayo pale base. Neno “kijana” peke yake halina shida. Lakini likionekana kila siku likiwa na “wasio na ajira”, “dawa za kulevya” na “genge”, baada ya mwaka mmoja halihitaji tena hao wenzake. Ukisikia tu “vijana wa Dandora”, kichwa chako kinamalizia chenyewe.

Haya yamefanyiwa kazi kubwa kwingine. Paul Baker, Costas Gabrielatos na Tony McEnery wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, pamoja na wenzao, walipekua habari za magazeti ya nchi yao za kuanzia 1996 hadi 2005 kuhusu wakimbizi na watafuta hifadhi. Zilikuwa na maneno takriban milioni 140. Waligundua, pamoja na mengine, kwamba wakimbizi walielezwa tena na tena kwa lugha ya maji: wanamiminika, wanafurika. Mwandishi mmoja akiandika hivyo mara moja, ni mtindo wake. Magazeti yakiandika hivyo kwa miaka kumi, msomaji anaanza kuwaona binadamu kama mafuriko, na dawa ya mafuriko ni kujenga ukuta.

Umati mmoja, majina matatu

Turudi nyumbani. Juni 25, 2024 unaikumbuka. Waandamanaji waliopinga Mswada wa Fedha waliingia Bungeni. Usiku huo Rais William Ruto alihutubia taifa akizungumzia uhaini na wahalifu walioteka maandamano. Kesho yake, Juni 26, alitangaza kwamba hatatia saini mswada huo, na safari hii akasema wananchi wamezungumza. Ndani ya siku moja, umati ule ule ulitoka kuwa na wahalifu hadi kuwa wananchi wenye sauti.

Mwaka mmoja baadaye, maandamano ya kumbukumbu ya Juni 25, 2025 yalipomalizika, Waziri wa Usalama wa Ndani Kipchumba Murkomen aliyaeleza kama ugaidi uliovaa nguo za upinzani. Katika wiki zilizofuata, makumi ya vijana walifikishwa katika mahakama ya Kahawa wakikabiliwa na mashtaka chini ya sheria ya kuzuia ugaidi.

Hapo ndipo unaona kwa nini hili si suala la walimu wa lugha peke yao. Neno lilianza kwenye mdomo wa mkubwa, likapita kwenye vichwa vya habari, na katika kipindi hicho hicho likawa liko kwenye karatasi ya mashtaka. Mhuni hupewa faini au kifungo kifupi. Gaidi anakabiliwa na sheria nzito zaidi, dhamana inakuwa ngumu, na majirani wanaanza kuepuka mlango wa kwao.

Wakati mwingine hata neno zima halihitajiki. Juni 2025, Albert Ojwang alipofariki akiwa mikononi mwa polisi katika kituo cha Central, taarifa ya kwanza ya polisi ilidai aligonga kichwa chake ukutani ndani ya seli. Kwa Kiswahili tungesema “alijigonga”. Silabi moja, -ji-, inambebesha marehemu lawama ya kifo chake. Siku chache baadaye mwanapatholojia aliyefanya upasuaji wa maiti alisema majeraha yale hayakuonekana kuwa ya kujiumiza, na Inspekta Jenerali Douglas Kanja akaomba radhi kwa taarifa ile ya awali. Sasa jiulize: habari ngapi zilikuwa tayari zimeshaandikwa na ile -ji- ndani yake, zikiwa na “polisi wamesema” au bila? Hilo linaweza kuhesabiwa.

Usidhani ni maneno makali tu yanayofaa kuchunguzwa. Chukua “hasla”. Kabla ya uchaguzi wa 2022 lilitumiwa kugawa nchi mara mbili, mahasla huku na familia za kitawala kule. Novemba 2022 likawa jina la mkopo wa serikali, Hustler Fund. Ukikusanya habari za 2021 na za 2024, angalia hasla amekaa na maneno gani kila mwaka. Je, bado ni mtu mwenye hasira na matumaini, au amekuwa mteja mwenye deni?

Eastlands ilishawahi kuitwa hivyo

Kwa wazee wetu hii si habari mpya. Aprili 24, 1954, wakati wa hali ya hatari, serikali ya kikoloni ilianzisha Operesheni Anvil. Maelfu ya wanajeshi na polisi waliizingira Nairobi na kupekua makazi ya Waafrika, ikiwemo mitaa kama Bahati na Pumwani. Zaidi ya watu 20,000 walizuiliwa, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakapitishwa Lang’ata na kusafirishwa hadi kambi kama Manyani na Mackinnon Road.

Kwenye nyaraka za serikali na magazeti ya walowezi, waliokuwa wakisakwa waliitwa magaidi na magenge. Hata baada ya uhuru, marufuku dhidi ya Mau Mau ilibaki vitabuni hadi 2003. Mwaka 2007 sanamu ya Dedan Kimathi ikasimamishwa katikati ya jiji, kwenye barabara yenye jina lake. Leo Oktoba 20, tarehe ile ile hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, ni Sikukuu ya Mashujaa. Na kabla hata ya sanamu hiyo kusimama, vijana wa hip hop wenye mizizi Dandora walikuwa wamejiita Ukoo Flani Mau Mau, kwa fahari.

Wafu wa 1954 hawakufanya lolote jipya hadi 2007. Walioshika kalamu ndio waliobadilika. Kwa hivyo ukisikia neno “gaidi” leo, una haki ya kuuliza ni nani analisema, kuhusu nani, na limeanza kurudiwa lini.

Kuna neno jingine ambalo mtaa unalijua vizuri zaidi: jambazi. Vichwa vya aina ya “Majambazi wawili wauawa” si vigeni kwa yeyote aliyekulia Mathare au Kayole. Lakini Ibara ya 50 ya Katiba inasema mshtakiwa huchukuliwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vingine. Aliyekwisha kuuawa hawezi kufika kortini kujitetea, kwa hivyo lile neno “jambazi” ndilo linakuwa hukumu yake ya mwisho. Mathare Social Justice Centre, kituo kilichoanzishwa mwaka 2014, kilitoa ripoti mwaka 2017 kuhusu mauaji haya yanayofanywa nje ya sheria, utafiti ulioshirikisha wakazi wenyewe. Jina lake, *Who Is Next?*, ni swali ambalo neno “jambazi” hukuzuia kuliuliza. Ukiamini kwamba ni majambazi tu wanaouawa, utadhani wewe huwezi kuwa wa pili.

Fanya mwenyewe, hatua kwa hatua

Basi, unaanzaje?

Kwanza, chagua swali dogo. “Vyombo vya habari vina upendeleo?” ni swali la kubishania kwa kinyozi. “Je, katika wiki mbili baada ya Juni 25, 2024, gazeti A na gazeti B yaliwaita waandamanaji majina gani?” hilo linajibika.

Pili, kusanya. Chukua, kwa mfano, habari 30 kutoka kila upande, za tarehe zile zile. Nakili maandishi tu, uache matangazo na viungo. Hifadhi kila habari kwenye faili ya maandishi matupu (.txt), na uipe jina lenye tarehe. Hii ndiyo sehemu inayochosha, kwa hivyo gawaneni kazi na mabeste wawili watatu. Ukitaka mahali patulivu, kuna Eastlands Library pale Makadara na Kaloleni Library, na ukihitaji magazeti ya zamani, Maktaba ya McMillan iliyofunguliwa mwaka 1931 iko Banda Street.

Tatu, pata programu. AntConc, iliyoundwa na Laurence Anthony wa Chuo Kikuu cha Waseda, Japani, ni ya bure na inafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida, hata ile nzee. Kama huna laptop, Voyant Tools hufunguka moja kwa moja kwenye kivinjari.

Nne, tafuta kwa akili, maana Kiswahili kina mtego wake. Kiingereza kina neno moja, sisi tunalivisha mbele na nyuma. Ukitafuta “waandamanaji” peke yake, utakosa maandamano, kuandamana na walioandamana. Kwenye AntConc unaweka nyota: *andaman* inanasa ukoo wote. Kwa vifo, *uawa itakuletea aliuawa, waliouawa na kuuawa. Ila usithubutu kutafuta *ua ukidhani utapata waliua. Utavua jua, mvua, maua, kifua na chukua, na siku nzima itaishia hapo. Tafuta maumbo kamili: aliua, waliua, wamuua, walimuua, yaliyoua.

Tano, linganisha kwa kiwango. Tuseme “wahuni” imetokea mara 40 kwenye gazeti A na mara 20 kwenye gazeti B. Haraka haraka utasema A ni mbaya mara mbili. Lakini kama mkusanyo wako wa A una maneno 20,000 na wa B una 5,000, basi A ina wahuni 2 kwa kila maneno 1,000, na B ina 4. Hadithi imegeuka. Bila hesabu hii, utachekwa, na kwa haki.

Sita, soma mistari yenyewe. Programu itakupangia kila mahali neno lilipotokea, likiwa katikati ya mstari na maneno jirani pande zote. Angalia nani anafanya na nani anafanyiwa. “Polisi walilazimika kurusha vitoa machozi”: ni nani aliyewalazimisha? “Vurugu zilizuka”: zilizuliwa na nani? Kisha tafuta “alisema” na “walisema” uone nani anapewa mdomo. Je, ni kamanda, mbunge, au mkazi? Na mkazi huyo akinukuliwa, jina lake lipo, au ni “mkazi mmoja”? Sheng yake imeachwa ilivyo, au imepigwa pasi ikawa Kiswahili cha ofisini?

Usije ukajidanganya

Sasa tahadhari, kwa sababu takwimu mbovu ni hatari kuliko kelele.

Tenganisha gazeti na aliyenukuliwa. Waziri akisema “magaidi”, mwandishi ana wajibu wa kuripoti alichosema. Shida huanza alama za kunukuu zinapodondoka na neno la waziri likawa neno la gazeti. Kwa hivyo hesabu mafungu mawili: neno likiwa ndani ya nukuu, na neno likiwa nje.

Mpe mwandishi haki yake pia. “Kijana auawa” inaweza kuwa imeandikwa hivyo kwa sababu saa mbili usiku hakuna aliyejua risasi ilitoka wapi, na kumtaja mtu bila ushahidi ni kosa. Ile -w- ya usiku wa kwanza ni uangalifu. Ukiikuta bado iko pale wiki tatu baadaye, ushahidi ukiwa umeshatoka, hapo una swali la kuuliza.

Kumbuka pia kwamba kopasi haihesabu kimya. Juni 25, 2025 Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza vituo viache kupeperusha maandamano moja kwa moja, kabla ya Mahakama Kuu kusimamisha agizo hilo. Picha ambazo hazikuonyeshwa na habari ambazo hazikuandikwa haziwezi kuonekana kwenye AntConc. Hizo utazijua kwa kuuliza waliokuwepo.

Na mwisho, jihesabu na wewe. Chukua grupu yenu ya WhatsApp, au kurasa unazozipenda, uzipitishe kwenye kipimo kile kile. Polisi mnawaitaje? Wafuasi wa upande mwingine wa siasa, au kabila lingine, mnawaitaje? Ukiwakuta “hao” wametajwa mara 100 na hakuna hata mara moja wametajwa kama binadamu wenye majina, utajua kwamba lugha ya kupunguza utu haiandikwi na wahariri peke yao.

Ukimaliza, ufanye nini?

Usiyaache matokeo kwenye laptop. Ukiwa na jedwali la habari 60, tarehe zake, na hesabu mtu mwingine anaweza kuirudia akapata jibu lile lile, huwezi kuambiwa tena kwamba una hisia tu. Mwandikie mhariri. Peleka kwenye baraza la vyombo vya habari ukiwa na malalamishi. Jadilini kwenye social hall ya mtaa au kwa klabu ya shule. Mhariri anaweza kupuuza kelele za mtu aliyekasirika, lakini mistari 40 kutoka gazeti lake mwenyewe, iliyopangwa moja chini ya nyingine, atalazimika kuisoma.

Na ukitafuta pa kuanzia, anza na sisi. Chukua habari zetu za mwezi uliopita kuhusu mtaa wako, uone kijana wa Eastlands ametajwa akifanya nini, akiwa na nani, na mara ngapi amepewa nafasi ya kuzungumza. Ukikuta tumekuita jina ambalo hukustahili, tuma hesabu zako. Tutazipokea.